Herufi Nane

Umazi alikileta kimefungwa kwenye taulo la hoteli,
kidubwana cha kijivu, kioo kina mkwaruzo.
Mgeni wa chumba cha kumi na nne alikisahau chini ya kitanda,
na meneja, baada ya miezi sita ya kungoja simu, akasema: chukua.
Ndani mna mchezo wa karata, umetuzidi umri,
unasema Kitaliano kitupu.
Hapa Malindi hilo si neno.
Hata muuza madafu anajua kutukana kwa Kitaliano.

Majoka. Mashujaa wa mapanga. Mchawi wa ndevu za buluu.
Unatupa kadi, naye anatupa kadi,
damu ni tarakimu, inapungua.
Tulicheza hadi majoka yakatuzoea.
Ndipo Umazi akauliza, mikono bado inanuka sabuni ya mashuka:
"Hawa wangekutana na kina sisi, ingekuwaje?"

Mimi natengeneza simu nyuma ya soko, Maweni.
Najua kufungua kitu bila kukiliza.
Tukaumwaga mchezo kwenye kompyuta yangu ya mtumba,
tukauona utumbo: mashamba ya sifuri yasiyo na mpaka,
na katikati ya sifuri, kama muhogo ardhini,
jina la joka.
Tukaling'oa. Tukapanda letu.

Sheria ni moja: jina lisizidi herufi nane.
Shupaza akaingia, akabaki na nafasi ya kupumulia.
Kopa, Uru, Pau, hao hawakutusumbua.
Ree tukampa mapigo elfu tatu,
kwa heshima ya nyanya, aliyekuwa akiibamiza mkekani
kama mtu anayeua mende.
Lakini shangazi Mwanaesha ni herufi tisa.
Tukamkata mkia: Mwanaesh.
Uwezo wake: akikohoa mlangoni,
kadi zote za adui hulala kifudifudi.
Alipojiona kiooni aliuliza,
"A yangu mmemuuzia nani?"

Twiga nilimweka mimi.
Yule wa hapa hapa, aliyepelekwa Uchina zama hizo,
wakamtazama shingo, wakasema: kumbe huyu tunamjua,
yumo katika ngano zetu.
Mnyama mmoja, michezo miwili,
na hakuna aliyebonyeza kitu.
Na hizo kopa na shupaza, kazileta nani kama si Mreno,
huyu aliyetuachia na mnara wake ufukweni?
Yeye kenda zake, karata zikabaki,
zikajifunza lugha, zikajifunza na kuiba...
Umazi akaniambia nipunguze hotuba, nimalize masikio.
Picha ilikuwa vidoti thelathini kwa thelathini,
shingo haikuenea. Tukamwinamisha.

Usiku wa kujaribu, Mwanaesh alipokutana na joka la mwisho,
kioo kikawa cheupe, sauti ikaganda
kwenye noti moja, kama mbu.
Nikahesabu kadi. Imezidi moja.
Nikazipitia zote, na huko chini kabisa, bila picha:
Umazi. Nguvu sifuri. Uwezo: anakunja.
Hakuwa ameniambia.
Asubuhi yake nikakuta kajitoa mwenyewe, mchezo unakwenda vizuri.
Nikamrudisha.
Nikamtoa mchawi wa ndevu za buluu,
nami sikumwambia.

Kitaliano tumekifuta chote, tumebakisha sentensi mbili.
Ukishinda, kioo huandika: Hai vinto.
Ukishindwa: Hai perso.
Umazi anajua maana yake, kwa wageni.
Mimi husoma neno la kwanza tu.

Jana joka lilimpiga shangazi mara tatu mfululizo.
Akavaa miwani, akakisogeza kioo puani.
"Hai," akasoma.
"Basi bado nimo. Gawa."